Vijino Kumi na Kimoja

Kaeni vizuri, nami nikae vizuri, maana haya yametokea mbali sana na hapo mlipo. Yametokea katika nchi isiyo na jina. Msidhani nalificha. Kamati ya Kuipa Nchi Jina iliundwa miaka thelathini iliyopita, na mpaka leo iko kwenye ajenda namba moja, yaani kumtafuta atakayeizindua kamati. Kwa hiyo mkisikia jambo likafanana na la kwenu, msiniangalie mimi. Duniani wawili wawili.

Mimi ni karani wa masjala katika Hospitali ya Wilaya ya Pepeta, jina langu Mshamu. Nina miaka ishirini na miwili kazini na sijawahi kupoteza karatasi, wala sijawahi kuuliza imeandikwa nini. Mtu wa namna hiyo kwetu huitwa mtumishi bora. Nina cheti ukutani, na kimezinduliwa.

Nasema kimezinduliwa kwa sababu nchi yetu ina Sheria ya Mkono wa Kwanza. Kifungu cha kwanza kinasema hakuna kitu kipya cha serikali kitakachofanya kazi mpaka mgeni rasmi akitumie yeye wa kwanza, kwa mkono wake mwenyewe, watu wakiona. Kukata utepe tuliacha zamani, tukaona ni uvivu. Kisima kikichimbwa, mgeni rasmi ndiye huvuta ndoo ya kwanza. Choo cha soko letu kilikaa miezi kumi na tisa na kufuli mlangoni, wachuuzi wakijibana, kwa sababu wageni rasmi watatu walikuja mmoja baada ya mwingine, wakaingia na wapiga picha wao, na kila mmoja akatoka akisema leo hajisikii. Wa nne alifanikiwa. Pale mlangoni pana kibao cha marumaru chenye jina lake, tarehe na saa.

Kifungu cha pili ni kifupi: kitu kilichoguswa na mgeni rasmi hakiwezi kuwa kibovu. Adhabu ya anayesema ni kibovu haikuandikwa, maana waliotunga sheria hawakuweza kumfikiria mtu wa namna hiyo.

*

Jumatatu moja tukazinduliwa mashine ya eksirei. Mashine yenyewe ilikuwa kubwa na nzuri, lakini picha zake hazitoki kwenye karatasi siku hizi. Zinapita kwenye kompyuta, na ndani ya kompyuta kuna kadi maalumu ya picha, inayochomekwa kwenye mfereji mwembamba juu ya ubao mkuu. Ndani ya mfereji huo vimejipanga vijino vya shaba, vidogo kuliko ukope wa mtoto, mia moja sitini na vinne. Kadi isipokaa sawasawa juu ya vijino hivyo, skrini haioni kitu. Haya sikuyajua mimi. Aliniambia Siwatu, fundi wetu wa kompyuta, mwanamke wa maneno machache na mikono ya mtunga shanga.

Siwatu angeweza kuichomeka kadi ile huku anakunywa chai. Lakini kadi ilikuwa mpya, na mkono wa kwanza haukuwa wake. Ulikuwa wa Mheshimiwa Profesa Injinia Shangwe, Waziri wa Afya na Mambo Yanayofanana na Hayo. Alikuja na helikopta, kwa kuwa daraja la mto Kirindi, linalotuunganisha na nchi nyingine yote, lilikuwa limekamilika miaka miwili nyuma lakini halijazinduliwa. Wananchi tulikuwa tunalitazama tu.

Kompyuta ikawekwa jukwaani juu ya meza ya kitambaa cheupe, imefunguliwa ubavu. Siwatu akapiga goti.

"Mheshimiwa, huu mkato wa kadi uelekee huku kwangu. Iweke juu ya mfereji, halafu isukume taratibu kwa kidole kimoja mpaka usikie tiki."

"Binti," akasema Mheshimiwa, "mimi nimezindua bandari."

Akaishika kadi, akaigeuza kinyume. Kadi ikakataa. Mheshimiwa akacheka, akauambia umati kwamba inaona haya. Akaisukuma kwa kiganja, ikakataa tena. Hapo akavua koti, akapanda juu ya vidole vya miguu na kuilalia kadi kwa kifua kizima, kama mtu anayefunga sanduku la safari lililojaa kupita kiasi. Ikalia *kra*. Mkuu wa bendi akadhani ndiyo ishara yake, na ngoma kubwa ikapigwa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo shida yangu ilipo. Mstari wa mbele walikuwa akina mama wa kwaya, katika sare zilizoshonwa haraka haraka. Nyuma ya kiongozi wao alikuwa amepiga magoti dada yangu Chausiku, fundi cherehani, anabana pindo lililofumuka. Pini tatu alikuwa amezishika kwa midomo, kama mafundi wote wafanyavyo. Ngoma ilipolia alishtuka. Pini mbili zilianguka chini. Ya tatu akaimeza.

Niliyaona yote mawili, kadi ikilia na dada yangu akishika koo. Nikapiga makofi, kwa sababu wenzangu walikuwa wanapiga makofi. Mpaka leo nikikumbuka viganja vyangu navionea haya.

Mheshimiwa akabonyeza kitufe. Skrini ikabaki nyeusi tii. Siwatu akafumba macho. Lakini mkubwa ni mkubwa tu, hakosi la kusema.

"Ndugu wananchi," akasema, "weusi huo mnaouona ndio faragha ya mgonjwa. Mashine za zamani zilikuwa zinamwanika mtu mifupa yake mbele za watu. Hii ina heshima."

Tukapiga makofi tena.

*

Alasiri ile Daktari Pandu alimlaza dada yangu wodi ya wanawake. Alikuwa anameza mate kwa shida, na kila akikohoa kitambaa kinatoka na doa la damu.

"Pini iko shingoni au chini ya shingo," daktari aliniambia barazani. "Nikijua imelala wapi, nitakata mahali padogo, urefu wa kucha, niitoe. Nisipojua, nitapekua shingo nzima, na shingoni kuna mishipa ambayo ukiikosea hurudii. Nikiiacha itatoboa yenyewe. Bwana Mshamu, mpaka Alhamisi. Baada ya hapo sikuahidi kitu."

"Basi mpeleke hospitali ya mkoa."

"Kwa daraja gani?"

Nikageukia mtoni. Daraja lilionekana kutoka pale tuliposimama, limechorwa mistari myeupe, na kizuizi cha bomba la chuma kimelala mbele yake kikisubiri mkono wa mgeni rasmi.

Siwatu alikuwa ameshafungua ubavu wa kompyuta. Akanipa tochi na kioo cha kukuzia. Nikaviona vijino, vimesimama foleni kwa adabu, isipokuwa pembeni, ambako vimelaliana kama mabua yaliyopitiwa na ng'ombe.

"Kumi na kimoja vimepinda," akasema. "Hakuna kilichokatika. Nipe sindano nyembamba na nusu saa."

"Basi fanya."

"Nipe fomu kwanza. Nikigusa bila fomu nitafungwa, na aliyefungwa hanyooshi kitu."

Fomu ninazo mimi. Fomu Namba Tisa, Ombi la Kutengeneza Mali ya Umma, ina sehemu tatu. Ya kwanza: kitu gani. Ya pili: kimeharibikaje. Ya tatu: jina na sahihi ya mtu wa mwisho kukigusa kabla hakijaharibika. Nilikuwa nimezijaza maelfu ya fomu hizo na sehemu ya tatu haijawahi kunisumbua. Siku ile kalamu ilinishinda.

Nikaipeleka kwa Katibu wa hospitali, Bwana Ngwali, mtu ambaye akipigiwa simu na wizara husimama wima na kufunga vifungo vya shati. Aliitazama sehemu ya tatu muda mrefu.

"Andika mende," akasema.

"Mende hana sahihi, bwana Katibu."

"Weka kidole gumba."

"Cha nani?"

"Mshamu, mimi nina miaka miwili nistaafu. Usinichimbie kaburi. Andika mende."

Nikaandika mende. Msinilaumu, au nilaumuni, ni sawa. Dada yangu wa tumbo moja yuko wodini anatema damu, nami nimekaa na bahasha nafikiria gumba la mende. Hivyo ndivyo anavyokuwa mtu baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi bora.

*

Barua ya kuomba dawa kwetu huchukua mwaka kujibiwa. Lakini jina la mkubwa likikaribiana na neno kuharibika, jibu hufika kabla gundi ya bahasha haijakauka. Jumatano asubuhi helikopta ikatua, ikashusha Tume ya watu watano na mwenyekiti wake, Jaji Mstaafu Kilindo, mzee mwenye fimbo ya kutembelea asiyoihitaji.

Daktari Pandu alikimbia kumpokea.

"Mheshimiwa Jaji, nina mgonjwa mahututi. Helikopta ikirudi naye ni dakika ishirini tu."

"Helikopta hii imezinduliwa kwa kubebea tume," Jaji akajibu kwa upole. "Kwa wagonjwa bado. Unataka tuvunje sheria ili kuokoa mtu? Tukishamwokoa ataishi katika nchi gani?"

Akaingia chumba cha eksirei, akashika kioo cha kukuzia, akainama juu ya mfereji. Sisi tumejipanga ukutani.

"Naona vijino vimelala," akasema.

"Vimepinda, mheshimiwa," akasema Siwatu.

"Vimeinama, binti. Mkubwa akipita watu huinama, na shaba nayo ina malezi yake. Hapa hakuna uharibifu. Hapa pana nidhamu." Akanyanyua uso. "Vilivyoinama ni vingapi?"

"Kumi na kimoja."

"Na vyote?"

"Mia moja sitini na vinne."

Jaji akageukia wajumbe wake, na sauti yake ikabadilika. "Basi mia moja hamsini na vitatu vilisimama wima mbele ya Waziri. Swali la Tume ni hili: vilikuwa vinafikiria nini?"

Hakuna aliyecheka. Mjumbe mmoja aliandika.

Tume ikakaa robo saa na kutoa pendekezo la awali: kwa ajili ya umoja wa kitaifa, vijino vyote mia moja hamsini na vitatu viinamishwe vilingane na wenzao. Kazi ifanyike saa tisa alasiri, baada ya chakula. Mpaka wakati huo kompyuta ni kielelezo, isiguswe. Wakaifunga utepe mwekundu, nikaitwa mimi niweke lakiri, kwa kuwa nta ya serikali na muhuri wake vinakaa masjala. Nikaiyeyusha nta, nikagonga muhuri. Mkono haukutetemeka, umezoea.

Kisha wakaenda kwa Katibu kula pilau.

*

Nilikwenda wodini kumuaga dada. Sikumwambia kuwa namuaga, lakini Chausiku amenilea tangu mama alipofariki na ananijua. Siwatu alikuwa ameketi kitandani kwake, anampepea na faili.

"Umefanya nini, Mshamu?" dada akauliza. Sauti ilikuwa inatoka kwa vipande.

"Nimeifunga."

"Ukishaifunga?"

"Saa tisa wanapinda vyote."

Akakohoa, akafuta mdomo. "Mdogo wangu, mimi nimeshona suruali za wakubwa wote wa wilaya hii. Nimewapima viuno. Najua walivyo ndani ya nguo. Wewe unaogopa nguo."

"Dada, kuna sheria."

"Ninayo pini shingoni na wewe unanisomea sheria."

Akapapasa pindo la kanga yake, akachomoa sindano. Fundi cherehani hatembei bila sindano, hata akiwa anakufa. Ilikuwa nyembamba, ya kushonea shifoni. Akampa Siwatu.

"Mwanangu, hii inakufaa?"

Siwatu akaielekeza kwenye mwanga. "Inanifaa, shangazi. Lakini pale pana lakiri."

Wakaniangalia wote wawili. Sikusema neno la kishujaa, sina. Nilichosema ni ukweli wa kazi yangu: "Nta ninayo nyingi."

Tulikuwa na saa moja na dakika arobaini. Nilivunja lakiri niliyoiweka mwenyewe. Siwatu akaiweka kadi kando, akalala kifudifudi juu ya meza. Nikashika tochi. Akaingiza ncha ya sindano chini ya kijino cha kwanza, akakiinua kidogo, akaacha, akakiinua tena, bila haraka, kama anayemwamsha mtoto asilie. Cha pili. Cha tatu. Kutoka kwa Katibu tulisikia sahani, vicheko, na Jaji akisimulia kesi. Kijino cha tisa na cha kumi vilikuwa vimesukana. Alivitenganisha huku jasho linamdondoka puani, nami nalikinga kwa karatasi ya serikali lisiingie mferejini. Cha kumi na moja kilikuwa kimekunjwa kabisa.

"Hiki kikikatika ndiyo basi," akanong'ona. "Shika tochi vizuri, bwana Mshamu. Mkono unakutetemeka."

Kweli ulikuwa unatetemeka. Nilifurahi kuuona.

Hakikukatika. Akaigeuza kadi upande wake halali, akaiweka, akaisukuma kwa kidole kimoja. Tiki.

Daktari Pandu alikuwa ameshamleta dada kwa kitanda cha magurudumu. Mashine ikanguruma, skrini ikawaka, na shingo ya dada yangu ikatokea pale, mifupa yote kwa zamu yake, na kando ya mfupa wa sita pini imelala ubavu na kichwa chake cha mviringo. Nililia, nasema wazi. Daktari akaweka ncha ya kidole kwenye skrini, halafu kwenye shingo yenyewe. "Hapa," akasema. "Urefu wa kucha."

Nikafunga utepe, nikaweka lakiri mpya juu ya alama ya ile ya zamani. Ni lakiri nzuri kuliko zote nilizowahi kuweka.

*

Kosa letu lilikuwa moja: hatukuizima skrini.

Katibu Ngwali alitangulia kurudi, akaiona picha, akatoka mbio barazani na pilau menoni. "Imewaka yenyewe! Lakiri haijaguswa na imewaka yenyewe!"

Jaji akaikagua lakiri, nzima. Akaifungua, akaamuru kadi ichomolewe, akachungulia mferejini: vijino vyote wima. Wajumbe wakatazamana. Lakini mtu hawi jaji mstaafu hivi hivi.

"Vilikuwa vinasalimu," akasema. "Sasa vimemaliza."

Siwatu alisimama ukutani, sindano imechomekwa kwenye ukosi wake. Hakuna aliyemuuliza. Na hata wangetaka kumshtaki, wangemshtaki kwa kunyoosha nini? Kwa mujibu wa Tume hakukuwa na kilichopinda. Huo ndio uzuri wa uongo wa serikali, mara moja moja hata mnyonge huweza kujificha chini yake mvua ipite.

Habari ikaruka kwenda wizarani, na jibu likaruka kurudi. Mheshimiwa Shangwe amefurahi mno. Kwa kuwa mkono wake umeonyesha pini ilipo, mkono wake utaitoa. Hospitali ina chumba kipya cha upasuaji ambacho hakijazinduliwa, na mpaka kizinduliwe, cha zamani kifungwe. Kesho Alhamisi saa nne atakuja kukizindua, na kisu cha kwanza atakata yeye, televisheni ikirusha moja kwa moja.

Daktari Pandu alikaa chini, palepale sakafuni.

"Kwenye shingo," akasema. "Yule aliyeshindwa kuchomeka kadi."

Hapo ndipo mimi, Mshamu, kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu, nilisoma karatasi kwa hiari yangu. Nilifungua leja ya mali, nikashuka na kidole mpaka miaka arobaini nyuma. Nikapata: meza moja ya mninga, chumba cha kufulia, ilizinduliwa na mke wa mkuu wa mkoa wa wakati huo kwa kupiga pasi foronya moja. Meza iliyokwisha kuzinduliwa. Sheria haina neno nayo.

"Daktari," nikamwambia, "meza ya kufulia inabeba mtu?"

Alhamisi asubuhi, bendi ilipokuwa inapiga mbele, dada yangu alikuwa nyuma, juu ya meza ya mninga iliyosuguliwa kwa dawa, kati ya mapipa ya mashuka. Hotuba ya Mheshimiwa ilichukua saa moja na nusu. Daktari alimaliza kabla haijafika kwenye mafanikio ya sekta ya afya. Akanitokea mlangoni na barakoa shingoni, akaniwekea bahasha mkononi.

"Mzima," akasema. "Na hii ni ya masjala."

Ilikuwa ni ile pini. Niliifungulia faili.

Kule mbele mambo yalikuwa mengine. Wagonjwa walikuwa wamesikia tangazo la redio kwamba Waziri anakuja kupasua mtu. Mwenye plasta mguu mzima alitoka kwa dirisha. Mzee mmoja aliyekuwa hajatembea tangu Ramadhani alionekana anaruka ukuta na chupa ya dripu mkononi. Saa sita Katibu Ngwali alizunguka wodi zote na hakukuta hata mwenye mafua. Akarudi chumba cha upasuaji, ambako Mheshimiwa alikuwa ameshavaa gauni la kijani na glavu, kisu mkononi, kamera zikimtazama.

"Yuko wapi?" akauliza Mheshimiwa.

"Mheshimiwa, hakuna mgonjwa."

"Wamekwenda wapi?"

"Wamepona."

"Lini?"

"Waliposikia unakuja."

Waziri wetu alitokwa na machozi mbele ya taifa. Gazeti likaandika kuwa Pepeta ndiyo hospitali ya kwanza kumaliza magonjwa. Wizara ikaleta ngao ya ushindi, na palepale ikafuta mgawo wetu wa dawa, maana dawa za nini tena. Wagonjwa waliporudi Ijumaa, wakichechemea, tuliwapokea kwa ngao.

*

Miezi mitatu tukakaa hivyo, Daktari Pandu anatibu kwa maji ya chumvi na maneno mazuri. Watoto wawili wa homa walitufia wiki moja, na ng'ambo ya mto dawa ipo, unaona mabati ya bohari yakimetameta. Sifanyi mzaha hapa.

Ndipo likaja tangazo: daraja litazinduliwa. Mheshimiwa Shangwe atainua kizuizi kwa mkono wake wa kulia. Na ili taifa lione shukrani ya mwananchi, suti ya siku hiyo itashonwa na yule mama aliyeponywa na mkono huohuo.

Dada yangu hakukataa. Alimpima Mheshimiwa mbele ya kamera, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Siku chache baadaye akaja masjala, kovu dogo shingoni, akaketi.

"Mshamu, lile faili langu lipo?"

"Lipo. Sijawahi kupoteza karatasi."

"Niletee nilione."

Nikamletea, kisha nikaenda dirishani kutazama hali ya hewa. Nilitazama kwa muda wa kutosha. Aliponirudishia, karatasi zote zilikuwamo, nilizihesabu. Pini si karatasi.

Siku ya uzinduzi mto mzima ulijaa watu kandokando. Mheshimiwa alivaa koti lake hadharani, yeye wa kwanza kama sheria inavyotaka, na koti likawa limezinduliwa. Tangu hapo haliwezi kuwa na kasoro. Akapanda jukwaani na hotuba ya kurasa sitini na mbili. Akainua mkono wa kulia kusalimu umati, na uso wake ukakunjamana. Akaushusha. Akatabasamu, akasema, "Ndugu wananchi," akainua tena ule mkono ambao hajui kusema bila kuupunga, akaushusha haraka zaidi. Akalitazama koti chini ya kwapa. Akamtazama Jaji Kilindo, aliyekuwa meza kuu. Jaji akatikisa kichwa polepole. Kifungu cha pili.

"Kaka Mshamu," Siwatu akaninong'oneza, "lile koti lina nini?"

"Halina kitu," nikamjibu. "Limeguswa na mgeni rasmi."

Hotuba ilikwisha kwenye ukurasa wa kwanza. Mikono yake imebana mbavuni, akatembea mpaka kwenye kizuizi. Bomba lilikuwa usawa wa kifua. Kuliinua kunataka mkono upande juu mpaka mwisho. Akalishika. Akainua kidogo. Jasho likamtoka. Akajaribu mara ya pili, nasi tukasikia sauti ndogo kooni mwake, kama ya mtu aliyemeza kitu. Dada yangu alikuwa mstari wa mbele, mikono amekunja, anamtazama kwa makini ya fundi anayeangalia kama nguo imemkaa mteja.

Mheshimiwa akaliachia bomba. Akasema kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu: "Inueni wenyewe."

Kisha Siwatu akatoka, akaweka kidole chini ya bomba, akasukuma taratibu. Lilikuwa jepesi, lilikuwa jepesi siku zote hizo. Likapanda. Gari la kwanza kuvuka lilikuwa la dawa, dereva wake alikuwa ameegesha ng'ambo tangu alfajiri kwa kubahatisha.

Mimi nilirudi masjala kujaza kumbukumbu. Daraja la Kirindi, limezinduliwa kwa mkono. Wa nani, sikuandika. Fomu haikuwa na nafasi.